Kitenge Juu ya Pikipiki

Wewe mama mwenye kijana anayetaka kuoa, kama bakwe, bazazi ya binti, banakuomba pikipiki, sikiliza mwanamuke mwenzako kwanza. Usiifunike. Usitie bitambaa chini ya kamba. Na kama batu banakupungia mikono mu njia, usibajibu na wimbo. Simama, shuka, uangalie nyuma.

Mi sikusimama.

Mutoto wangu wa kwanza ni Stéphane. Anafanya kazi ya kuunga byuma hapa Kolwezi. Alipenda binti mumoja wa Nzilo, kule kwa barrage ya kuzuia maji ya muto, jina yake Joyeuse, binti mwenye adabu, anacheka polepole. Baba yake, Tata Kabamba, ni mukatekista. Chapelle zake, kanisa ndogo-ndogo, ziko mbali-mbali mu bijiji, na miaka yote alikuwa anazizungukia na kinga ya zamani, ile baiskeli inayolia kuliko mutu anayeiendesha.

Siku ya kusikilizana mambo ya mahari, tulijitayarisha kusikia mbuzi, suti, mashine ya kushona, na redio ya shangazi mwenye hasira. Tulikaa na woga. Muzee akasema: "Suti niko nayo, ile niliolea. Bado inanienea, juu Mungu hanilishi sana. Muniletee pikipiki. Nifike kwa batu wangu mbele jua haijalala."

Batu balicheka. Shemeji yangu Kalonji, mudogo wa bwana yangu marehemu, njo alikuwa musemaji wetu. Aliitika palepale. Stéphane aliitafuta ile pikipiki kwa jasho yake, nyekundu, mupya, kiti ingali na plastiki yake. Alipoiingiza mu parselle, kiwanja yetu, nililia. Nilisema: baba yake angeona.

Asubui ya kwenda, Stéphane alivaa kofia ya kuendeshea. Akaniambia: "Mama, nitaiendesha mwenyewe. Nzilo si mbali."

Niliogopa. Ile barabara kamio, malori ya kubeba madini, zinapita sawa ng'ombe yenye kutoroka, na vumbi yao inamufunika mutu hata asione mukono wake. Nimezika bwana. Sikutaka kusikia.

"Hautaiendesha."

"Mama, kila siku niko mu barabara."

"Kila siku siko nakuona."

Lakini siku ile kila mutu alikuwa pale, na mama hawezi kusema mbele ya batu kama anaogopa juu ya mwanaume mwenye kuoa. Nikatafuta neno ingine. Nikasema: "Kitu ya bukwe, ya kupeleka kwa bakwe, inafika na kontere ya kilometa ku zero. Ukiiendesha, utafikisha kitu imeshatumika."

Kalonji akapiga makofi. "Njo neno. Pikipiki ya bukwe ni sawa bibi arusi, haitembei-tembei mbele ya siku yake."

Basi tukaita jirani yetu, Tata Louis. Yeye iko na jeep na remoroki ndogo ya magurudumu mbili ya kuvuta nyuma, anabebeaka biti ya plastiki ya kukalia kwa matanga na kwa ndoa. Tukapandisha pikipiki mu remoroki, ikasimama vizuri. Louis akaleta kamba zake za mupira, zile banakata mu chambre à air, mupira ya ndani ya gurudumu ya kamio. Nikaona weusi yake. Nikasema: "Tata Louis, hiyo itapaka masizi ku rangi nyekundu."

"Itapaka, mama, lakini inakamata."

"Weka kamba ya nilon. Na chini ya kamba tutaweka serviette, isikwaruze."

Nilileta serviette zangu zote za kuogea. Nilizikunja mimi mwenyewe, moja hapa, moja pale, sawa mutu anamulalisha mutoto. Louis akakaza kamba juu yao. Ikaonekana imekaza. Sikujua kama kitambaa laini inadanganya kamba: leo inajaza nafasi, kesho imelala, na kamba inabaki inakamata mupepo.

Kisha nikaleta kitenge. Yadi sita, mupya, yenye picha ya tausi. Nikaifunika pikipiki kuanzia taa ya mbele mpaka gurudumu ya nyuma, nikazungusha pembe ku ukuta wa remoroki, nikazifunga na sindano. Macho ya mutaa wetu inaweza kutoboa pipa. Nilitaka ifunuliwe kule mbele ya bakwe, bigelegele zipande.

Stéphane akasema: "Mama, Tata Louis hataiona mu kioo ya retrovizere."

Louis akacheka: "Nitaona kitenge. Kitenge ikiwa pale, pikipiki iko pale."

Sisi wote tulicheka naye.

Ndugu bengine balitangulia na taxi-bus. Mu jeep tulikuwa Louis ku usukani, mi mbele pembeni yake, Kalonji na Stéphane nyuma. Ku kutoka mujini, banamama benye kuuzisha makala ya kupikia baliona remoroki yenye kuvikwa sawa bibi arusi, bakapiga bigelegele. Louis akapiga honi. Kalonji akatoa mukono ku dirisha na musware, leso nyeupe, anapunga sawa gavana. Nikaanza wimbo wa kanisa. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Mutoto wangu alikuwa ndani ya gari, amekaa, muzima. Nilisema mu moyo: njo vile, Mbuyi, umemukinga.

Lami ikaisha. Barabara ikawa ile ya udongo mwekundu yenye mikunjo sawa bati, gari inatetemeka mpaka meno. Mupepo uliingia chini ya kitenge, nikaiona mu retrovizere ya upande wangu imevimba, tausi zinacheza. Nikasema: "Angalieni, hata tausi zinaenda kuoa."

Mwanaume mumoja wa kinga alisimama kando, akatupigia kelele, akaonyesha kidole nyuma. Kalonji akamupungia musware: "Aksanti, tata, karibu kwa bukwe."

Kamio ikaja mbele yetu. Shofa akawasha taa, akazima, akawasha, akatoa mukono kabisa nje. "Muko munaona?" Kalonji akasema. "Hata bashofa ya kamio banatutakia heri. Hii ndoa iko na baraka." Louis akajibu na honi ndefu. Mi nikapandisha sauti ya wimbo.

Kisha mwanamuke. Sitamusahau. Alikuwa na beseni ya maji ku kichwa, anatembea pembeni. Alipotuona tumemupita, niligeuka kumuangalia: alishusha ile beseni chini mu vumbi, akapunga mikono yote mbili. Nikamupungia na mimi. Nikasema: huyu iko na roho nzuri.

Mwanamuke hashushi beseni ya maji yenye kujaa bure. Mi mwenyewe nimebeba maji tangu utoto. Nilipaswa kujua.

Stéphane njo alisikia. Yeye anasikiaka chuma. Akasema kwa sauti ya chini: "Tata Louis, simama."

Tulishuka. Kitenge ilikuwa pale, imekamatwa ku ukuta wa remoroki na sindano zangu. Pikipiki haikuwa pale. Ilikuwa imelala inje, nusu yake ku remoroki, nusu chini, kamba moja tu ingali inaikamata ku gurudumu ya nyuma, na gido, ile chuma ya kushikia, imekwaruzwa na barabara sijui tangu wapi. Serviette zangu zilikuwa zimetoka moja-moja, ya mwisho ilining'inia ku kamba.

Tuliiinua. Taa ilikuwa nzima. Plastiki ya kiti ilipasuka kidogo. Lakini upande wa kuume, mwisho wa gido ulilika, na mukono wa freni ya mbele ulipindwa sawa kidole cha muzee. Louis akachukua ufunguo wake wa kukazia byuma, akaunyoosha polepole. Ukanyooka. Akaukamata mara moja, mara mbili. "Inafanya," akasema.

Stéphane aliinama, akaangalia pale ilipopindwa. Alipitisha ukucha wake. "Kuko mustari hapa. Chuma ikipindwa na kunyooshwa inaficha kidonda yake ndani. Mama, tusimupe muzee hii."

"Tumupe nini?" Kalonji akauliza. "Tufike mikono mitupu? Baseme sisi batu ya kutoka Kasai tumekuja kuoa na wimbo?"

"Tumuambie imeanguka."

"Kwa bakwe kinywa ni moja, na leo ni yangu. Kitu yenye kuanguka mu njia ya bukwe, unajua batasema nini. Batasema ndoa imeanguka."

 Stéphane aliniangalia mimi. Mutoto akikuangalia vile, anakupa nafasi. Nami niliona binti Joyeuse amekaa na nguo yake mupya, niliona bashangazi banauliza kwa nini tumechelewa, niliona haya yangu yote mbele ya batu. Nikasema: "Mwanangu, tukirudi, utaenda mbio-mbio kumubadilishia. Leo tufike kwanza."

Nikatoa kitambaa yangu ya kichwa, nikapangusa vumbi na mafuta. Nikaigeuza, nikaifunga tena ku kichwa, uchafu ndani. Kitenge ilipasuka pembeni; nikaizungusha tundu iende chini. Halafu nikakumbuka ribani nyeupe nilileta juu ya chupa za bakwe. Nikaifunga ku gido upande wa kuume, pale palipolika, nikaizungusha mpaka ku mukono wa freni, ule mustari usionekane, nikamaliza na fundo kubwa sawa ua. Ilipendeza. Hakuna mutu alinituma. Mikono yangu njo ilifunga.

Tulifika, tukapokelewa na bigelegele. Kalonji akafunua kitenge. Batu bakasimama. Tata Kabamba akazunguka pikipiki, mikono nyuma, akainama ku kontere.

"Zero," akasema. "Hata mi mwenyewe Mungu hakunileta na zero."

Batu bakacheka mpaka banashikana. Akagusa ribani yangu. "Na hii nani alifunga?"

"Mama ya bwana arusi," Kalonji akajibu.

"Basi hakuna mutu ataifungua. Ni mukono ya mama mukwe. Itazeekea pale."

Kisha akaita binti yake. Kwao, sawa vile kwetu, baba anauliza mbele ya wote. "Joyeuse, unaona bitu hii. Tukamate ao tuache? Tukikamata, tukikula, hakuna kurudisha kesho."

"Mukamate, tata."

Alimuuliza mara ya pili. "Mukamate." Alimuuliza mara ya tatu, binti akaitika akiniangalia mimi na kucheka ile kicheko yake ya polepole. Mi nilikuwa naangalia ribani.

Muzee hakungoja tukule. Akamuita bibi yake, Mama Simone: "Panda. Zamani nilikuwa naendesha ya mon père, padri wetu. Nikupeleke mpaka ku barrage, bakuone." Mama Simone akakataa kwa mudomo, lakini tayari alikuwa anakaza kitenge yake kiunoni. Alipanda.

Njo pale nilisimama. Miguu ilisimama yenyewe. "Tata mukwe, ngoja."

Batu wote bakaniangalia. Kalonji akakohoa. Stéphane aliinua kichwa. Niliona uso wake unafunguka, juu alijua nitasema. Muzee aligeuka na heshima, mukono yake juu ya ribani. "Ndiyo, mama."

Nikasema: "Tuombe kwanza."

Bashangazi bakaguna na furaha: huyu ni mama mwenye Mungu. Muzee akavua kofia. Aliomba yeye mwenyewe. Aliombea safari, aliombea benye kuileta, aliombea mikono yenye kuifunga. Nikaitika amina pamoja na bengine. Stéphane hakuitika.

Balienda mpaka ku barrage, bakarudi, Mama Simone anacheka na kushika kichwa. Na mi, mama mwenzangu, nilifurahi kuliko wote. Nilisema Mungu ameifunga ile hadisi. Musamaha ya bure inalevya kuliko pombe.

Ndoa ikafungwa, Joyeuse akaja kwetu. Stéphane alinunua mukono mupya wa freni palepale, akataka kwenda Nzilo. Nikamuzuia. "Ukienda mbio vile batauliza. Ngoja kidogo, utaenda sawa mutu anayesalimia, utabadilisha pembeni." Akangoja, juu nilisema. Ile chuma ilikaa juu ya kabati ya byombo, ndani ya plastiki yake, kila siku nikitoa sahani naiona. Mara moja Joyeuse aliniuliza ni ya nini. Nikamujibu ni ya kazi ya bwana yake.

Siku moja tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, mi na yeye, simu yake ilipolia. Alisikiliza, mutwangio ikatoka mu mukono wake, ikaanguka. Baba yake alikuwa anashuka mulima kwenda chapelle, mama yake nyuma. Alikamata freni. Freni ikabaki mu mukono.

Balimuleta ku lopitalo hapa Kolwezi. Paja ilivunjika, mufupa ulitoka. Mama Simone alikuwa na bandage ku mukono na uso wenye kuchubuka upande moja. Tulienda wote, na Kalonji. Nilikuwa nimepanga maneno ya kufariji, sawa vile batu banasemaka.

Muzee alituona, akajaribu kuinuka. Akasema: "Mama mukwe, munisamehe."

Sikuelewa.

"Nimeharibu kitu yenu. Mutoto alitoa jasho, mi nikaivunja. Mikono hii imezoea jembe, inakamata freni sawa jembe. Niliikamata na nguvu. Munisamehe."

Mama Simone akafungua sakosi yake, akatoa ribani. Ilikuwa na damu ku ncha. "Tuliiokota," akasema. "Alikataa tuiache mu njia. Alisema ni mukono ya mama."

Kalonji akasafisha koo. "Haina neno, muzee. Pikipiki inatengenezwa. Sisi hatuna kinyongo."

Nilisikia ile neno, hatuna kinyongo. Tulikuwa tunamusamehe.

"Kalonji," nikasema, "nyamaza."

Nikasema yote. Serviette, kitenge, mwanamuke wa beseni, mustari mu chuma, ribani. Ile chuma mupya juu ya kabati. Nilisema na macho chini, ku tiles za lopitalo. Nilipomaliza, mugonjwa wa kitanda ya pembeni alikuwa ameacha kukula.

Mama Simone njo alisema wa kwanza. Hakupandisha sauti. "Siku ile ulisimama. Ukasema tuombe."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikapanda nyuma yake na unajua."

 Tata Kabamba alikuwa anamuangalia Stéphane. "Na wewe?"

"Nilijua, tata."

"Mi njo nilimukataza," nikasema mbio.

"Mama, yeye iko na kinywa," muzee akasema. Akafunga macho, akageuza uso ku ukuta. Njo ilikuwa mwisho ya mazungumuzo.

Muzee alipotoka ku lopitalo, Joyeuse alirudi na bazazi bake Nzilo kumuuguza baba. Hakusema anaenda kwa muda gani. Mu nyumba yangu nikabaki na mwanangu asiyenisemesha. Ile mwanangu niliogopa barabara itaninyanganya, barabara haikumugusa. Ogopa, mama, ni haki yako. Lakini angalia ile woga unaitupa wapi. Mi niliitoa ku kichwa ya mutoto wangu, nikaiweka ku mugongo ya baba ya mutoto mwingine, nikaifunga na ribani.

Bandugu ya Joyeuse balitaka kuvunja ndoa. Muzee alikataa. Aliwaambia: "Tulimuuliza mara tatu, tukakamata. Si binti alidanganya." Stéphane alitengeneza pikipiki. Siku za Mungu, jumapili, anaenda Nzilo, anamupandisha muzee nyuma na mikongojo yake, anamufikisha ku chapelle zake, anamungojea inje mpaka amalize. Mi sisemi kitu juu ya kamio. Nakaa ku nyumba, nangojea arudi, na ninaona ni haki.

Joyeuse alirudi siku baba alianza kusimama. Alinisalimia vizuri, akaingia jikoni, akapika. Zamani alikuwa ananiita mama. Sasa ananiita mama ya Stéphane. Hajanikosea heshima hata siku moja.

Aliniletea kitu kutoka kwa mama yake, ndani ya sachet: ile kitenge ya tausi, iliyobaki kwao siku ile. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Ilikunjwa tundu iko juu.

Siishoni, siigawi. Lakini juma iliyopita niliona remoroki ya Tata Louis mbele ya parselle ya Mama Fifi, pikipiki ndani, mupya, ya bukwe ya kijana wake, na Mama Fifi anakuja na kitenge mukononi. Nilirudi mu nyumba, nikatoa yangu, nikavuka barabara.

"Karibu, jirani," akasema, "umekuja kutuimbia?"

Nikafungua kitenge, nikapitisha mukono wangu mu tundu, mpaka kiwiko. Nikamusimulia vile nimekusimulia wewe, mbele ya batu wake wote. Louis alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilipomaliza akaenda mwenyewe kutafuta kamba zake nyeusi za mupira.

Mama Fifi alibaki anaangalia pikipiki yake, inang'aa pale juu, mutaa mzima umesimama ku kuta unaitazama.

"Na macho ya batu?" akaniuliza.

"Baone," nikasema. "Baache baone."